Ndege watatu wa Uyole: nianzie wapi kumjua ndege nisiyemfahamu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada ninayeishi Uyole, Mbeya, na mwaka huu nimeanza kutazama ndege. Nina darubini ndogo na simu. Kuna watatu wananisumbua. Wa kwanza ni mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili. Mwezi Februari walikuwa wengi bondeni kule Isyonje, njia ya kwenda Kitulo, lakini Julai nilipopita hapo sikumwona hata mmoja, niliona vindege vya kahawia tu. Wa pili ni mweusi na mweupe, hukaa kwenye waya wa umeme kandokando ya barabara. Wa tatu ni mwewe mkubwa mweusi, hukaa juu ya nguzo karibu na milingoti (mikaratusi). Nikitafuta kwenye simu naletewa picha nyingi na zote zinafanana. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Swali lako ni la mtu ambaye tayari ameanza vizuri, hata kama mwenyewe hujioni hivyo. Wengi huniuliza, "Nimeona ndege mzuri wa rangi nyingi, ni nani?" na hapo siwezi kusaidia kitu. Wewe umeniambia ndege alikaa wapi na ilikuwa mwezi gani. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, lakini wanaopenda kukaa juu ya waya wa umeme katika nyanda za juu, mahali pa wazi, ni wachache sana. Kwa kutaja waya peke yake umeshafuta mamia.

Kinachokukwamisha ni kwamba kila ndege umemwanza kwa rangi: mweusi, mweusi na mweupe, mweusi, kahawia. Ukiandika "ndege mweusi" kwenye simu lazima uletewe picha nyingi zinazofanana, kwa sababu rangi ndicho kitu kinachobadilika kuliko vyote. Asubuhi ya ukungu kwenye milima ya Uporoto karibu kila ndege ni mweusi. Jua likiwa nyuma yake ni mweusi. Dume ana rangi yake, jike yake, kinda yake, na wapo madume wanaovaa rangi moja wakati wa mvua na nyingine kiangazi. Umbo la mdomo halibadiliki hivyo, wala urefu wa miguu, wala namna ya kukaa na kuruka. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: rangi iandike mwisho. Anza na ukubwa, kisha mdomo, kisha anafanya nini, yuko wapi na ni mwezi gani. Rangi itakuja baadaye kuamua kati ya wawili au watatu waliobaki.

Kuna kisa cha kwetu kusini ambacho huwa nawasimulia wanafunzi wangu wote. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini katika misitu ya Udzungwa, Mkoa wa Iringa. Kwenye sufuria ya chakula waliona miguu ya ndege ambayo haikufanana na miguu ya kanga wala kwale yeyote waliyemjua. Manyoya yalishanyonyolewa, rangi yote ilishaondoka, na bado miguu ile ilitosha kuwaambia kwamba huyu si wa kawaida. Alikuwa kwale wa Udzungwa, aina mpya kabisa kwa sayansi, iliyotangazwa rasmi mwaka 1994, na ndugu zake wa karibu waliojulikana walikuwa kwale wa misitu ya Asia. Wenyeji walikuwa wakimla siku zote. Aliyemtambulisha duniani ni mtu aliyeijua miguu ya ndege wa kila siku kiasi cha kushtuka alipoona mingine.

Sasa tuwaendee ndege wako. Naanza na wa pili, kwa sababu ndiye rahisi na ndiye atakayekupa raha zaidi.

Mweusi na mweupe, juu ya waya, mahali pa wazi. Nakuuliza maswali ambayo ungepaswa kujiuliza palepale. Je, alikuwa amekaa wima, kichwa kikubwa, mkia mrefu mwembamba unaoning'inia, akitazama chini kwenye nyasi? Je, alishuka ghafla ardhini, akaokota mdudu, akarudi kwenye waya uleule au wa jirani? Mdomo wake mfupi, mnene, una ndoano kidogo nchani? Kama ndiyo, huyo ni mbwigu. Ndiye anayechoma panzi na mijusi kwenye miiba au kwenye seng'enge za uzio, akaweka akiba. Ukikuta panzi mkavu ametungwa kwenye mwiba, jua uko nyumbani kwa mbwigu.

Hapo bado hujamaliza, na ndipo raha ilipo. Ukimpata tena, mtazame usoni kwa darubini. Kama ana mstari mweupe unaopita juu ya jicho, mfano wa nyusi, basi umemwona mbwigu wa Uhehe. Ndege huyu hapatikani popote duniani isipokuwa Tanzania, na kitovu chake ni huku kwetu: Iringa, Mufindi, Njombe, Mbeya. Wataalamu wengine humhesabu kuwa aina inayojitegemea, wengine humweka ndani ya mbwigu wa kawaida, na mjadala huo wewe usikuumize kichwa. Andika tu "nyusi nyeupe ipo" au "haipo". Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta, na wewe unapita chini yake ukienda sokoni.

Ona pia jinsi rangi ingekupotosha hapa. Kwenye vichaka vya mabonde ya Mbeya yuko ndege mwingine wa jamii ya karibu, naye mweusi juu na mweupe chini, ukubwa karibu uleule. Lakini huyo hujificha ndani ya kichaka, na sauti yake utaisikia mara nyingi kabla ya kumwona: mmoja huita, mwenzake humalizia papo hapo hadi ukadhani ni ndege mmoja. Hakai kwenye waya. Halafu yuko yule mdogo, mwembamba, anayetembea juu ya mapaa na kando ya mifereji huku mkia ukipanda na kushuka bila kupumzika. Naye mweusi na mweupe. Kwa rangi hawa watatu ni mmoja. Kwa tabia, mtoto wa darasa la pili anaweza kuwatenganisha.

Wa tatu, mwewe wako wa kwenye nguzo. Watu wengi huku kwetu humwita mwewe kila ndege mwenye makucha anayeruka juu, na si kosa katika mazungumzo, lakini kwenye daftari lako gawanya. Mwewe mwenyewe, mwizi wa vifaranga, utamjua kwa mkia: umegawanyika nchani kama uma, na akiruka anaupindapinda kushoto na kulia bila kukoma. Kama mkia wa ndege wako haukuwa hivyo, muondoe.

Milingoti na nguzo ni ushahidi mzuri. Kuna tai mmoja mweusi, si mkubwa sana, anazidi kunguru kidogo tu, anayependa kukaa wima muda mrefu juu ya nguzo au tawi kavu pembezoni mwa milingoti na mashamba, akivizia panya. Kichwani ana ushungi mrefu wa manyoya unaoyumba kwenye upepo, na macho yake ni ya njano. Akiruka, karibu na ncha za mabawa huonekana mabaka meupe makubwa. Ushungi huo hana mwingine wa kufanana naye huku, na ukiuona umemaliza kazi. Huyo ni tai ushungi.

Lakini subiri. Yuko na mwingine wa nguzo, mnene, kichwa cha mviringo, mkia mfupi. Huyu ndiye anayesimama angani juu ya miteremko ya milima, amekabiliana na upepo, habadiliki mahali. Akiwa mtu mzima mkia wake ni mwekundu wa kutu, na wengi wao ni weupe tumboni, ila wapo walio weusi mwili mzima. Kinda wake ni wa kahawia na hana mkia mwekundu hata kidogo. Sasa ukiniandikia "mwewe mkubwa mweusi" naweza kukupa yeyote kati ya hawa wawili. Ukiniandikia "hakuwa na ushungi, mkia mwekundu mfupi" nimeshakujibu. Kati ya Oktoba na Aprili kuna pia wageni wa jamii hiyohiyo wanaokuja kutoka kaskazini ya dunia, wa kahawia, wanaowachanganya hata wazoefu. Ukishindwa miezi hiyo, usione vibaya.

Narudi kwa wa kwanza, yule wa Isyonje, ambaye nimemweka mwisho makusudi kwa sababu ana mambo mengi.

Februari ni katikati ya mvua huku kwetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na ndege wengi wa nyasini huzaa wakati huo kwa sababu mbegu na wadudu ni tele. Ndege wako nadhani ni kweche. Dume la kweche na ndugu zake huvaa nguo ya harusi: manyoya meusi yanayong'aa, na baadhi yao mkia unaokua mpaka ndege anaonekana anaburuta kitu kizito hewani. Anaruka chini chini juu ya nyasi za bondeni, taratibu, ili majike waliojificha humo wamwone. Mvua zikiisha anayapukutisha manyoya yale, mkia unaondoka, na anabaki wa kahawia mwenye michirizi, sawa na jike wake. Kwa hiyo ndege uliowaona Julai inawezekana kabisa walikuwa walewale wa Februari. Hawakuondoka. Umewapita hapo hapo bondeni, kwenye vinyungu (bustani za bondeni), wakiokota mbegu kwa makundi.

Ni yupi hasa? Pale Isyonje na kuendelea juu hadi Kitulo wako wawili ninaowafikiria kwanza. Mmoja ni wa nyasi za milimani, na dunia nzima anaishi eneo dogo tu: nyanda zetu za juu kusini, kaskazini mwa Malawi na upande wa Zambia unaopakana nasi. Dume lake wakati wa mvua ni jeusi, mkia mrefu mno, na begani lina njano yenye ukingo wa rangi ya mchanga. Mwingine ana eneo kubwa zaidi Afrika. Naye ni mweusi mwenye mkia mrefu, lakini begani hana njano. Alama yake ni mstari mwekundu kooni kama ukosi. Kwa hiyo swali moja tu linatenganisha hawa wawili: ulitazama bega au koo? Najua hukutazama, kwa sababu mkia ulikuchukua macho. Mkia wa namna ile humchukua kila mtu.

Na usije ukafikiri kila mkia mrefu ni kweche. Fumbwe, yule mdogo wa bustanini mwenye mdomo mwekundu, tumbo jeupe na nyuzi ndefu za mkia, ni mwembamba, mchokozi, anafukuza hata ndege wanaomzidi. Jike lake hutaga kwenye viota vya ndege wengine wadogo na kuwaachia kazi ya kulea. Kule juu, kwenye maua ya milimani, kuna chozi wa kijani kinachong'aa, naye dume lake lina nyuzi mbili ndefu mkiani, lakini ukitazama mdomo utakuta ni mrefu, mwembamba, umepinda, wa kufyonza maua. Mdomo wa kweche ni mfupi na mnene, wa kupasua mbegu. Tazama mdomo, mkia utakuja wenyewe.

Kuhusu vindege vya kahawia vya Julai, nakwambia bila kuficha: usijaribu kuvipa majina mwaka huu. Majike na madume yaliyovua, ya aina kadhaa, huchanganyika kwenye kundi moja, na tofauti zao ni ndogo mno. Andika "kweche, aina haijulikani" na uendelee na safari. Daftari lenye "haijulikani" nyingi ni daftari ninaloliamini. Anayerudi kutoka bondeni na majina kamili ya kila ndege, huyo nina mashaka naye.

Jambo la mwezi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, ina mbayuwayu buluu anayekuja kuzaa wakati wa mvua. Ni wa buluu iliyokolea karibu na weusi mwili mzima, dume lina nyuzi ndefu mkiani, na hutengeneza kiota chini ya ardhi, mara nyingi kwenye mashimo ya zamani ya muhanga. Akimaliza kulea anaondoka kuelekea pande za Ziwa Victoria. Ni ndege aliye hatarini, kwa sababu nyasi za milimani anazozitegemea zinageuzwa mashamba na misitu ya kupandwa. Ukiniambia umemwona mbayuwayu buluu Kitulo mwezi Januari, nitafurahi pamoja nawe. Ukiniambia Julai, nitakuomba ueleze ulichoona tangu mwanzo.

Mahali nako kuna uzito. Hondohondo wenye mdomo mwekundu wako sehemu nyingi za Afrika, lakini wale wa Hifadhi ya Ruaha wana ngozi nyeusi kuzunguka jicho la njano, na wataalamu waliwatambua kuwa aina yao wenyewe. Mtu anayetumia kitabu cha nchi nyingine atampita bila kujua amepita nini. Kwa hiyo ukinunua kitabu, kiwe cha Afrika Mashariki, chenye ramani ya kila ndege, na kionyeshe dume, jike na kinda. Kabla ya kuamini picha, tazama ramani. Kama ndege yule haishi Mbeya, uwezekano ni mkubwa kwamba umekosea picha.

Ukubwa usiukadirie kwa sentimita. Hakuna anayeweza, hasa ndege akiwa mbali. Tumia ndege wa uani kama vipimo: shomoro, shore, tetere, kunguru. Andika "mkubwa kuliko shomoro, mdogo kuliko tetere". Lakini ili vipimo hivyo vikufae lazima uwajue hao wenyewe vizuri, na hapa ndipo ningependa uanzie kweli, kabla ya Isyonje na kabla ya Kitulo. Kaa nje ya nyumba yako asubuhi, jua likichomoza, na uwasome ndege wako wa kila siku kama vile hujawahi kuwaona. Shore anakula nini? Akiita anasimama wapi? Tetere akiruka kutoka ardhini mkia unaonyesha rangi gani? Ukiwa umewashika kumi kwa namna hiyo, wa kumi na moja atajitokeza mwenyewe kwamba ni mgeni.

Darubini yako ndogo inatosha kwa sasa. Siku ukipata fedha, tafuta iliyoandikwa 8x42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usivutiwe na zinazojisifu kukuza mara 20 au 30. Mkono ukitikisika kidogo tu ndege anatoweka. Na ukimwona ndege usishushe macho kutafuta darubini. Mkazie macho, kisha inua darubini ije mbele ya macho yako.

Simu sikukatazi. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell ni ya bure, na unaweza kupakua ndege wa eneo letu ukaitumia bila mtandao ukiwa bondeni. Inakuuliza mahali, tarehe, ukubwa, rangi na alichokuwa akifanya, kisha inakupa orodha fupi. Ila fungua baada ya kuandika kwenye daftari. Ukitazama picha kwanza, kumbukumbu yako itaanza kufanana na picha. Utaapa uliona njano begani kumbe uliiona kwenye kioo cha simu. Na ukishapata jina, andika pia jina la kisayansi, maana tukisema "mnana" au "chozi" tunataja jamaa wengi kwa pamoja.

Kwa sauti, rekodi kwa simu hata kama humwoni ndege. Usimchezee ndege sauti yake ili ajitokeze, hasa wakati wa kuzaa; anaacha kiota akidhani mpinzani amekuja. Pia waulize wazee na watoto wanaochunga. Msafwa au Mnyakyusa aliyekulia shambani anaweza kukuambia ndege fulani anaita saa ngapi na anajenga wapi, habari ambazo vitabu vingi havina.

Mvua zikianza Novemba, nenda tena Isyonje, simama barabarani juu ya bonde lenye nyasi ndefu na usiingie ndani, kwa sababu viota viko chini kabisa. Madume yatakuwa yanaanza kubadilika, mengine yana madoa meusi kwenye kahawia, mengine mkia umefika nusu. Tazama bega, kisha koo. Kisha niandikie ulichoona, na mbwigu wako pia, kama ana nyusi au hana.